Manifoldi ya Gari la Kathuri

Gereji, Meru mjini
Agosti 1955

Ndugu yangu wa gichiaro, Kathuri,

Pokea salamu zangu, nami natumaini zitakukuta mzima pamoja na Muthoni na watoto. Sisi tu wazima kwa kadiri Mungu anavyotuachia. Mama anaumwa magoti kwa ajili ya lile handaki mlilotuamuru tuchimbe kuzunguka kijiji, lakini anatembea. Mke wangu Kawira anakusalimu, ingawa ana lawama yake ile ile: kwamba tangu aolewe kwetu mwaka jana umepita mlangoni mara nyingi, umekaa, umecheka, na hujaonja hata maji yake. Mara una haraka, mara tumbo linakusumbua, mara umeshibia kwa Bwana Disii, mzungu wako wa wilaya. Nimekuwa nikimwambia ndiyo kazi ya serikali ilivyo.

Barua hii sikuitia posta, maana siku hizi barua husomwa na wengi kabla ya mwenyewe. Nimemkabidhi Nyaga, dereva wa lori la mahindi, pamoja na gunia. Ndani ya gunia imo manifoldi yako. Ifungue uitazame kwenye jua, halafu uendelee kusoma.

Unakumbuka ulivyokuja hapa gereji na gari lako jeusi, askari wako wawili wa homgadi nyuma na bunduki zao. Ulisema Disii atakagua magari siku ya baraza kule Kanyakine, na wewe, hedimani wa serikali wa kwanza kumiliki gari upande ule, ulitaka ukifungua boneti hiyo manifoldi, kile chuma kinachotoa moto wa injini na kuupeleka kwenye eksosi, king'ae kama bampa. Ulikitaka kesho yake.

Nilikueleza nikiwa bado na adabu. Nilisema bampa hukaa baridi maisha yake yote, lakini manifoldi hupata moto hata ikaiva nyekundu, na kromu ya bampa ukiitia hapo hubadilika rangi ikapasuka. Kinachofaa ni nikeli nene. Na hiyo nikeli nayo haishiki mpaka chuma kisafike ndani, kwa kuwa chuma cha kumimina kina vitundu, na chako kimekunywa oili miaka mingi, kama kibuyu kilivyokunywa maziwa. Ukikiosha juu utadhani kimetakata, ukikitia moto uchafu wote unarudi. Lazima kwanza kichomwe mpaka kiache kutoa moshi, kisuguliwe, kipitishwe kwenye tindikali, ndipo kizamishwe kwenye pipa la nikeli na umeme upite polepole. Nikasema nipe wiki moja.

Ulicheka ukaniambia nisikuhubirie. Kisha ukanishika bega na kuniomba kwa gichiaro. Mhindi mwenye gereji alinivuta kando akasema nikatae. Ilibidi nimweleze kwamba babu zetu walikula kiapo pamoja, ukoo wako na wetu, na tangu siku hiyo mtu wa gichiaro hakataliwi ombi, hadanganywi, na damu yake haimwagwi. Mhindi alitikisa kichwa akarudi kwenye chai yake. Nami nikaichovya manifoldi yako kwa nikeli upesi upesi, bila kuichoma, nikijua ninachokifanya na nikiwa nimekwisha kukuonya.

Na mimi siku hiyo nilikuomba kitu kimoja. Nilikuuliza kwa gichiaro, mbele ya wale homgadi wako, uniambie kweli ya ndugu yangu Bundi, uliyemchukua wewe mwaka jana, kabla sijamwoa Kawira, shambani akipalilia viazi, ukasema anakwenda kuhojiwa na kurudi jioni. Ulinitazama usoni ukasema yuko kizuizini, kambi ya Manyani, mzima, hata amenenepa, na kwamba umeshamwombea kwa Disii, atarudi kabla ya mvua. Nilifurahi, Kathuri. Nakwambia wazi, nilifurahi mpaka nikasahau kukudai senti ya nikeli. Mama nilipompelekea habari alipiga vigelegele, akaenda kuwaambia kanisani. Toka hapo amebeba udongo kwa kichwa, na magoti yale yale, akaongeza chumba kwenye kile kibanda mlichotupangia kijijini. Cha Bundi. Hakuna aliyeshuku, kwani gichiaro hadanganyi.

Baraza ikafika. Sikuwapo, lakini nimesimuliwa na kila mtu mwenye kinywa. Ulipanda mlima kwa kishindo, injini imepata moto, ukaegesha mbele ya Disii na kufungua boneti, na nikeli ilikuwa imevimba malengelenge na kudondoka vipande vipande kwenye moshi wa oili. Wanasema Disii aliinama akatazama. Alicheka tu akaenda kwenye gari lingine.

Ulivyokuja hapa kesho yake unajua mwenyewe. Uliitupa manifoldi miguuni pangu, ukasema mbele ya watu kwamba nimeharibu mali ya serikali kwa amri ya watu wa msituni. Mimi, niliyekubembeleza unipe wiki moja! Nikapelekwa kwenye boma lako, nikaketishwa juani, na kupigwa mpaka pua na mdomo vikatoka damu. Lakini nikiwa pale chini niliona jambo moja. Hukunigusa. Ulisimama mbali, mikono nyuma, ukimwambia homgadi piga hapa, piga pale. Aliposita ulimkaripia, lakini mkono wako haukutoka mgongoni. Damu iliporukia kiatu chako, ulikivua haraka ukakifuta mchangani kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Ndipo nikaelewa kwamba unakihofia kile kiapo, ila umekipatia ujanja: damu ikimwagwa na mkono wa mwingine, unajihesabu safi.

Waliponiachilia nilikwenda nyumbani, Kawira akanikanda kwa maji moto huku akinung'unika habari zako zile zile za kukataa maji. Safari hii sikumjibu. Nilimwuliza mama mtu aliyemwaga damu ya gichiaro wake anakuwaje. Mama, bila kujua ninauliza nini, akasema huyo hawezi tena kula nyumbani kwao, kwa maana chakula cha nyumba hiyo kitamvimbisha tumbo afe, na kila mtoto wa Meru anajua hivyo. Kisha akanikumbusha jinsi ulivyopenda uji wake, wewe uliyekuwa ukimaliza kibuyu kizima na Bundi mkigombania masalio.

Kathuri, mara ya mwisho ulipokunywa uji kwetu ilikuwa asubuhi ile uliyomchukua.

Nilitaka kujidanganya bado. Juzi alipita hapa mtu wa Mikinduri aliyetoka Manyani, akitafuta lori la kumfikisha kwao. Alifika kule kabla ya Bundi kuchukuliwa, na kwa kuwa anajua kusoma, kazi yake ilikuwa kuita majina ya watu wa Meru kila asubuhi. Nikamtajia Bundi M'Ikiara. Akasema jina hilo hajawahi kuliita.

Basi, ndugu yangu hakutoka tena langoni mwa boma lako akiwa hai. Wewe ulisimama mbali, mikono nyuma. Na ujanja wako huuamini hata wewe mwenyewe, la sivyo ungekuwa umekunywa maji ya Kawira.

Sasa itazame tena manifoldi. Safari hii nimeichoma mpaka haikubakiwa na tone la oili, nikaisugua, nikaipa nikeli polepole kwa kadiri inavyotaka. Ipeleke mlima wowote, haitabanduka. Sikudai kitu. Uliniomba kwa gichiaro, na mimi ninatimiza, hata kwako. Isije ikasemwa kwamba sisi ndio tuliovunja.

Na mimi nakuomba kwa gichiaro. Jumapili baada ya kanisa, njoo nyumbani. Njoo na bunduki zako ukipenda. Mama atapika, na utaketi mkabala naye. Kama mimi ni mwongo, kula ushibe, nami nitakuomba radhi kwa magoti. Kama huwezi kula, basi umwambie mwenyewe, kwa kinywa chako, mlimzika wapi, aache kukipaka udongo kile chumba. Usipokuja nitajua, na Jumapili ile ile nitasimama kanisani niwaulize wote ni nani aliyekuona ukila kwetu. Unaweza kunitia ndani kabla ya hapo. Mhindi ameisoma barua hii, na Nyaga pia.

Nisalimie Muthoni na watoto, ambao hawana kosa. Mama anakusalimu sana na kukushukuru kwa kumwangalia mwanawe. Kawira anauliza tu, kwa sababu hajapata kukuandalia, uji wako unaupenda mzito au mwepesi.

Ni mimi, wako wa gichiaro,
Riungu M'Ikiara