Sahani Zilizopona Zote

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote, wewe na shemeji, ambaye najua ndiye anayekusomea. Shemeji, usiruke mistari! Mimi ni mzima wa mwili, ila chumba changu kiko kimya mno. Juzi nilijikuta naliaga jokofu nikienda kazini.

Niliwaandikia kwamba tumepata dawa ya kuinyamazisha ile jeni iliyochukua macho ya baba na sasa inachukua yako. Kweli, seli za macho zilizokuwa zikifa katika sahani za maabara sasa zilikuwa zinaishi. Mkuu wa maabara alishaagiza keki. Ni mimi niliyeng'ang'ania tupitishe kwanza kidhibiti hasi, yaani dawa ya uongo: herufi za kijenetiki ni zilezile za dawa yetu, ila mpangilio umevurugwa, haiwezi kunyamazisha jeni yoyote. Seli zilizopewa hiyo zilipaswa kufa.

Hazikufa, Kaka. Zilinawiri kama zile nyingine. Basi dawa yetu haikufanya lolote. Kilichozisaidia seli ni yale mafuta tunayotumia kuipenyeza ndani, nayo huzilisha kwa muda tu, hayatibu.

Mkuu aliniita akasema, kwa upole kabisa, kwamba pengine nilikosea kuchanganya, na kwamba makala yetu ya utafiti ingeweza kutoka bila sahani zangu. Nikamwambia nimerudia, jibu halibadiliki, na kama inatoka hivyo jina langu alitoe. Akaizuia. Tangu hapo nikiingia chumba cha chai mazungumzo yanakatika. Hata Kicheko, niliyekuwa nakula naye kila mchana, siku hizi anakula amesimama kama anayesubiri basi.

Shemeji, hapa soma polepole.

Kaka, na mimi nimeanza. Jicho la kulia halioni tena pembeni, na daktari wa macho amethibitisha ni ugonjwa wetu uleule. Kazini hawajui. Wanadhani nilifurahia kuwamwagia mchanga kitumbua chao. Laiti wangejua nilivyoziinamia sahani zile nikiziomba zife! Nilipoziona zimepona, nilikaa sakafuni, koti la maabara mwilini, nikalia mpaka mfagizi akanizunguka na ufagio wake.

Tunaanza upya na mafuta mengine. Mama msimwambie, nitamwambia mwenyewe. Nibusieni watoto. Na nikija likizo, Kaka, naomba unionyeshe unavyomimina maji ya moto bila kujiunguza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba