Binti Yangu Anazidi Kusogea Gazetini

Mshauri mpendwa, nisamehe mwandiko, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mmoja na mikono hii imezoea sururu kuliko kalamu, lakini naomba unisikilize maana hapa Birmingham sina wa kumweleza jambo hili asinicheke au asiniogope.

Kazi yangu ni kubomoa nyumba. Nilitoka kwetu Mayo, ng'ambo ya bahari, Januari mwaka jana, si kwa ajili ya kazi hasa, nilikuja kumtafuta binti yetu Imelda, aliyekuja huku akiwa na miaka kumi na minane kufua mashuka hospitalini, na kila Jumapili alimwandikia mama yake habari za hawa waimbaji wanaume wanaopaka wanja na kuvaa viatu vya visigino virefu, akasema na yeye akienda kuwaona hujichora nyota ya fedha juu ya jicho, mama yake akaisalia rozari nzima ile nyota, kisha Novemba 1972 barua zikakatika. Nilipofika niliandikisha jina lake polisi.

Mwezi Machi tulikuwa tunang'oa sakafu ya nyumba moja, na chini ya kapeti la plastiki watu wa huku hutandika magazeti kuzuia baridi, nikaokota moja, la muziki, la Oktoba 1972. Kulikuwa na picha kubwa ya mwimbaji na ndogo ya watazamaji, na mstari wa tano, mkono juu, nyota juu ya jicho, koti limekosa kifungo cha pili, alikuwa Imelda. Nililikunja nikalitia kifuani.

Packy, tunayelala naye chumba kimoja, akaniambia, "Wee mzee, umeanza kusoma magazeti ya watoto wa shule? Kesho utatujia na wanja!"

Tangu siku hiyo nanunua gazeti hilo kila Alhamisi. Aprili nikamwona tena, maelezo chini ya picha yakasema Glasgow, tarehe kumi na nne, mwimbaji mwingine kabisa. Juni, Newcastle. Septemba, Cardiff, nikaacha kazi siku tatu nikaenda, nikasimama mlangoni pa ukumbi na picha yake, wasichana wakanipita wananicheka. Mara sita nimemwona, mshauri, picha zote sita nimezitia humu, na kila mara yuko karibu zaidi. Mwanzo alikuwa mdogo kama ukucha. Cardiff nilihesabu vifungo vya koti. Mwezi uliopita uso wake peke yake ulijaza picha nzima, na alikuwa ananitazama. Zile za mwanzo alikuwa akitazama pembeni, nakuapia. Nilimpa Packy aangalie ili aniambie naota. Akaangalia, akanirudishia. "Anakuangalia wewe, Festy," akasema. "Usiibandike ukutani, tafadhali." Siku hizi analala amenipa mgongo.

Sasa nikueleze ambalo hata padri sijamwambia. Mei mwaka jana polisi waliniita. Desemba 1972, kabla sijafika, walikuwa wametoa msichana kwenye mfereji, maji yalikuwa yamemharibu, hakuna aliyemdai, manispaa ikamzika kwa namba. Sajenti akanionyesha medali ya Bikira Maria iliyokuwa shingoni mwake. Pembeni ina alama za meno. Imelda aliing'ata alipokuwa anaota meno, kwenye mapaja yangu, nilikuwepo.

Sajenti akaniuliza, "Unaitambua, baba? Chukua muda wako."

Nikasema hapana. Ningesemaje ndiyo, na gazeti lenye Glasgow ya Aprili liko mfukoni mwangu?

Juzi mke wangu, Delia, ameandika mistari miwili tu. "Padri ananiuliza amtaje Imelda kwenye misa ya walio hai au ya marehemu. Wewe ndiye uliye huko, niambie." Nimjibu nini?

Festy, Birmingham

*

Baba Imelda,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama. Pole sana. Pole yangu ichukue sasa, kwa sababu yanayofuata hayana utamu.

Niko kwenye magazeti miaka ishirini na mbili na najua yanavyopikwa. Gazeti la kila wiki halitumi mpiga picha Glasgow kupiga umati. Lina kabati. Mtu anafungua droo iliyoandikwa "watazamaji", anachukua picha ya watoto wanaopiga kelele, anaiweka popote penye nafasi, anaandika chini yake mji wowote wa wiki hiyo. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa hakuna anayetazama nyuso hizo. Hawakukufikiria wewe.

Nilizichukua zile sita ulizonitumia nikazipeleka kwa mzee anayetunza kabati hilo. Alizitambua kabla sijaketi. "Hiyo ni Coventry, dada, Oktoba sabini na mbili," akasema. "Hiyo naipenda, naitumia sana." Ni picha moja. Usiku mmoja. Anazidi kukaribia kwa sababu kila mara wanaikata kingo ili itoshee nafasi waliyo nayo, mwisho akabaki yeye peke yake. Na wewe, baba mzima, uliona koti lilelile, kifungo kilekile kimekosekana, mkono uleule hewani, miezi kumi na mmoja, ukajiambia anasafiri! Wewe hukudanganywa na gazeti. Uliliomba likudanganye, likakubali.

Kuhusu macho, sitakuficha. Mzee alinitolea negativu, ile filamu yenyewe ya picha, tukaiweka kwenye mwanga. Anatazama pembeni, jukwaani, kama ulivyosema. Tukaiweka picha ya mwezi uliopita kando yake. Anatazama mbele. Mzee akasema pengine kuna mtu aliyagusa macho kwa brashi, huwa wanafanya hivyo picha ikikuzwa mno. Nikamwuliza nani. Akasema mwenye brashi ni yeye tu, na hakumbuki. Akafunga droo haraka kuliko alivyoifungua, na mimi sikuuliza tena. Wewe pia usiulize. Iwe ni brashi au si brashi, jambo la kufanya ni lilelile.

Usinunue gazeti hilo tena. Usimwandikie Delia, neno hili halipelekwi na posta, atalipokea mbele ya nani, mbele ya mtu wa baiskeli? Utakwenda mwenyewe kwa meli na utaketi naye jikoni kabla hujavua koti, na utamwambia ni misa ya marehemu, na utamwambia pia kwamba ulijua tangu Mei. Atakupigia kelele. Zivumilie, ni haki yake.

Lakini kabla ya meli kuna polisi. Nenda ukiwa umenawa vumbi, mwulizie sajenti yuleyule, umwambie ulisema uongo na kwa nini. Hatakufunga, ameona wazazi wengi wakisema hapana. Mahali alipozikwa pana kijiti chenye namba, na mtoto wako yuko hapo miezi kumi na tano bila mtu kumwita. Karani wa manispaa atakuuliza jina la marehemu. Mtajie yote matatu, lile la ubatizo, la kipaimara na la ukoo, polepole, na usiondoke mezani pake mpaka umeona ameyaandika.