Jagi la Bi Odette

Shoga Maïlys, usicheke. Ndiyo natoka kwa Bwana Castéra, huku Saint-Émilion, nilikokwenda kuomba ile kazi ya kuchanganya mvinyo.

Nikawakuta wanakula, na mezani palikuwa na jagi la mvinyo mwekundu. Nikajimiminia kabla sijakaribishwa. Kiherehere changu unakijua.

Nikanusa, nikafumba macho. Nikafumba MACHO, Maïlys. Nikasema, "Zabibu za Merlot sehemu saba, Cabernet tatu. Merlot inalainisha, Cabernet inaushika usilegee. Huu umechanganywa na fundi."

Mama mzee wa Bwana Castéra, Bi Odette, akaweka kijiko chini. "Mwanangu, hayo ni masalio ya chupa za Jumapili. Nimeyakusanya humo yawe siki."

Masalio, shoga. Ya chupa sita. Moja ya Hispania.

Mimi na sehemu zangu saba.

Nikatamani ardhi inimeze. Bwana Castéra akafuta mdomo taratibu. "Jumatatu saa mbili uje uanze kazi."

"Ya kuchanganya mvinyo?"

"Si umesema umeonja kazi ya fundi?" Akamwonyesha mama yake. "Fundi ndiye huyu. Utamsaidia kutengeneza siki."

Nimekubali. Ningesema nini, na bado nilikuwa nimeshika glasi?