Ghala Nambari Tatu

Jumatatu, 11 Novemba 2024. Mbeya

Taarifa rasmi kwa umma: leo saa mbili asubuhi, kitambi cha ndugu Sosthenes, mkaguzi wa hesabu za Serikali, kimevuka tundu la mwisho la mkanda. Hakuna majeruhi. Wananchi wanaombwa watulie.

Kazini: hesabu za majumuisho. Nchi nzima kwenye jedwali moja — vivuko, madaraja, vitanda vya wagonjwa, mpaka ghala la mpunga. Nalisoma taratibu, kama natembea nchi nzima kwa miguu bila kuchoka. Ukungu umeshuka mpaka Mwanjelwa. Dirishani hakuna kitu, jedwalini kuna kila kitu. Raha!

Severina kanizindua. Mkaguzi mwenzangu, umri wa binti yangu, macho ya kipanga. Mzee, kesho Rujewa, tukaguse mali. Nikamwambia Ghala Nambari Tatu nililiona Januari, ukaguzi uliopita, sahihi yangu ipo. Akasema basi litafurahi kukuona tena.

Jumanne, 12 Novemba. Rujewa

Joto! Mbuga ya Usangu inatetemeka kama maji. Majaruba makavu, ng'ombe mbali kule wanaelea.

Ghala halipo. Si kwamba limebomoka — halipo. Majani, kichuguu, yangeyange mmoja. Severina kasimama na jedwali mkononi, mimi nyuma yake kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Junaid, dereva wetu, ndiye aliyenileta Januari pia. Akainama kukagua matairi. Nilimshukuru. Nikamwogopa.

Mtunza ghala, Yotamu, alianza kazi Machi. Anasema hilo jengo alikabidhiwa kwenye karatasi tu.

— Kaka, Januari mzee huyu kalikuta limesimama. Mabati umeyapeleka wapi?

— Dada yangu, hata msumari sijauona! Akanigeukia. Mheshimiwa, si wewe ulikuja? Lilikuwa wapi?

Nikanyoosha kidole kule wanakoelea ng'ombe. Nikasema maji yalijaa, nililiona kwa mbali. Paa jeupe.

Alhamisi, 14 Novemba. Mbeya

Yotamu kasimamishwa kazi. Kilichoonekana Januari kisipoonekana Novemba, anajibu aliyepokea ofisi Machi. Hoja safi, haina tundu. Imesimama juu ya tiki moja ya wino wa kijani.

Yangu.

Jumamosi, 16 Novemba. Iringa

Nyumbani Mlandege. Baridi nzuri, moshi wa kuni, kengele ya kanisa mbali. Nimekaa barazani sifanyi lolote, kazi ninayoiweza kuliko zote.

Nimemsimulia mke wangu, Faustina, habari za ghala. Ajabu, kila nikilisimulia linakua. Leo lina milango miwili ya buluu, na ndege juu ya paa, wametulia, maji yamelizunguka pande zote. Zuri kweli! Ningeweza kuhamia.

Mke wangu anachambua maharage, hata hainui kichwa. Baba Blessing, wewe mahubiri yote unalala, ukiguswa unasema Neno limekubariki. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Akauliza kama huyo Yotamu ana watoto. Nikasema sijui.

Najua. Watatu.

Jumatatu, 18 Novemba. Mbeya

Asubuhi Junaid kanisubiri kwenye gari. Mzee wangu, mimi dereva, naulizwa kilomita tu. Lakini wakiniuliza kilomita za Januari, nitazisema.

Haya. Ilivyokuwa ni hivi.

Januari wenyeji wa Rujewa walitulisha wali wa huko na maziwa mgando. Sahani mbili. Sawa, tatu. Mvua ikaanza, gari lina joto, tukaondoka kwenda ghalani, nami nikalala kabla hatujapita mashine ya kwanza ya kukobolea mpunga. Usingizini nikaona maji meupe yasiyo na mwisho, na katikati yake paa jeupe. Hapo ndipo nilipoliona. Sijaliona penginepo.

Nilizinduka tumeshafika lami. Nikamuuliza Junaid, ghala tumelipita? Akasema barabara ilikatika mzee, nimegeuza, ulikuwa umelala vizuri nikaona nisikusumbue.

Ningeandika “halikukaguliwa”. Neno moja. Lakini neno hilo lina maswali yake — kwa nini, ulikuwa wapi, rudi tena. Kesho yake ilikuwa mwisho wa kuwasilisha. Nikatoa kalamu ya kijani. Nikajiambia ghala la Serikali litakwenda wapi? Tiki ikatoka nzuri hata gari likirukaruka kwenye viraka vya lami. Ghala lile huenda lilianguka miaka kumi iliyopita, huenda halikujengwa kabisa. Sijui. Nilichokijua ni kwamba sijaliona, na tangu Jumanne nimemwacha mtu abebe mabati ya ndoto yangu.

Nimeyaandika haya kwenye karatasi ya ofisi pia. Ukurasa mmoja. Paa sikuliweka.

Sasa ni saa tano. Yotamu yuko kwenye benchi la nje, ameitwa kuchukua barua yake ya mashtaka. Nilipopita alisimama. Shikamoo mheshimiwa. Nikaitikia — nikaona aibu kuitikia. Taarifa inayomshtaki inataka sahihi mbili. Ya Severina ipo.

Severina amechungulia mlangoni, kalamu mkononi. Mzee Sosthenes, umebaki wewe tu, mkuu anasubiri.

Nimemwambia afunge mlango, aketi kwanza.