Ile Memori ya Zamani Irudi Nyumbani

Kambi ya Mgodi,
Geita.

Mume wangu Baba Tumpe,

Ugonile. Nimeanza na salamu ya kwetu kwa sababu ukiiona najua utavuta kiti ukae, utaelewa kwamba mkeo ana jambo. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto nimejikata, na habari yake utaikuta humu ndani maana sababu ni wewe. Hujambo lakini? Mguu wa mama mkwe umepungua uvimbe, au bado mnampeleka hospitali ya Igogwe? Mvua imewaachia hata siku moja ya kuanika mahindi? Huku ni jua na vumbi, na masufuria ya wachimbaji hayajawahi kupungua ukubwa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikipandisha sauti kidogo unasema mtandao unakatakata. Karatasi haikatiki. Mpishi mwenzangu anakuja likizo Mbeya, ataifikisha Tukuyu kwa dada yako Sekela, naye nimeshamwambia asikupe mpaka uoshe mikono ukae.

Haya. Wiki tatu zilizopita ulinitumia picha ya ile kompyuta yetu imelazwa kifudifudi mezani, mgongo wazi, na chini yake umeandika: "Fundi kaongeza memori, sasa inakimbia. Ile ya zamani kaondoka nayo." Ulifikiri nitaangalia kompyuta. Mimi niliangalia pembeni ya picha. Palikuwa na vidole vimeshika bisibisi, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Na nyuma ya vidole palikuwa na kikombe changu cha bluu, kile chenye mpini uliomeguka, ambacho hata wifi Sekela hakigusi.

Tangu mwaka jana unasema fundi. Fundi wa Msasani ya hapo Tukuyu anajua kazi, fundi kaahidi kuja, fundi ni mtu mwaminifu. Kichwani mwangu alikuwa mwanaume mwenye kitambi na miwani. Nikamngoja Tumpe kwenye simu, maana mtoto wa miaka saba bado hajajua kumfichia baba yake.

"Ni anti Zuhura, mama," akasema. "Ana duka la kutengeneza simu. Baba alimpikia mbalaga."

"Na baba alikuwa anafanya nini anti akifungua kompyuta?"

"Alikuwa anammulikia na tochi ya simu. Alicheka mpaka akakohoa."

Baba Tumpe, nimekaa na wewe miaka tisa. Ndizi hizo za mbalaga umenipikia mara moja, nilipomzaa huyo huyo Tumpe, na uliziunguza. Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari. Nilikuwa nawapakulia watu chakula huku naona tochi yako inamulika mikono ya mtu mwingine, na kuna mchimbaji nilimpa mchuzi bila nyama akaniuliza kanikosea nini.

Lakini kilichonikata kidole ni ile memori. Memori ninayoijua mimi ni ya kwenye simu, kile kikadi kidogo kinachoshika nyimbo na picha. Nikasema basi, huyu dada ameondoka na sisi wote. Ameondoka na picha za harusi yetu, Tumpe akiwa na siku tatu, na ile video uliyonichukua nikicheza jikoni na mwiko mkononi, nimejifunga khanga moja, ukaapa kwamba hataiona mtu. Nikaiona inaonyeshwa pale dukani kwake Msasani, wateja wameegemea kaunta wanachagua kava za simu huku mimi nazunguka na mwiko. Nilikuwa namenya viazi. Kisu kikapita.

Aliyenifunga plasta ni mzee Masanja, mtunza stoo wetu, ambaye kutwa anashinda na kompyuta ya kuandikia magunia. Nilipomweleza kisa akacheka mpaka nikataka kumrushia kiazi.

"Mama, hiyo haitunzi picha," akasema. "Picha ziko kwenye diski, na diski iko palepale. Hiyo memori ni ya mashine kukumbuka inachokifanya sasa hivi. Ikiwa ndogo, mashine inakwama. Ukizima tu, imeshasahau yote."

Nikamwambia ninaye mume wa namna hiyo.

Nikatulia siku mbili. Siku ya tatu nikagundua jambo jingine, na hili hata Masanja hakucheka nilipomwambia. Unakumbuka ile kompyuta ilivyokuwa inawaka? Ulikuwa unatoka kufundisha, unaibonyeza, unaiacha inanguruma, halafu unanipigia. "Ngoja iwake, Mama Tumpe, tuongee." Ilikuwa haiwaki leo wala kesho. Mimi nilikuwa nimeshapakua chakula cha jioni, nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nje ya jiko, nakusikiliza. Humo ndimo ulimoniambia kwamba ng'ombe kazaa ndama jike. Humo uliniambia umepewa darasa la saba na unaogopa. Humo nilisikia Tumpe kang'oka jino na mmelirusha juu ya bati. Mara nyingine ilikuwa inafika katikati, inaganda, unaizima na kuanza upya huku unalalamika, na mimi kimoyomoyo nasema igande tena.

Sasa unabonyeza, inawaka. "Imeshawaka, Mama Tumpe, ngoja nichape mitihani, tutaongea kesho." Na kesho inawaka vilevile. Jana tumeongea muda wa kuosha sufuria moja, tena dogo. Ulinisalimia, ukaniuliza kama nimekula, ukaniaga. Nilibaki nimekaa kwenye ndoo yangu na simu imekufa mkononi, nikimchukia Zuhura kwa kosa la kujua kazi yake.

Sikusingizii kitu. Najua ulimpikia kwa sababu alipanda na mvua toka Msasani mpaka kwetu Nkunga, na ni wewe mwenyewe uliyemwita. Najua ulikuwa unakesha na mitihani ya watoto wa watu. Haya yote nayajua mchana, nikiwa na shughuli. Jioni nikikaa pale nje ya jiko sijui chochote, nabaki na zile kucha tu.

Basi ombi langu ni moja, na usilichukulie utani. Nenda Msasani, nenda na Tumpe, umwambie fundi kwamba mke wangu anaitaka memori yetu ya zamani. Asikuulize ya nini. Siku za kazi chapa mitihani yako na hiyo mpya, sikukatazi. Lakini Jumapili jioni itoe, uipachike ile ya zamani kwa mikono yako mwenyewe, na Tumpe ndiye akumulikie tochi. Ibonyeze, uiache ingurume. Halafu nipigie.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya kuchua niliyomwahidi iko njiani na barua hii. Nisalimie wifi Sekela, na asijifanye hajaisoma, namjua. Tumpe mbusu kwenye pengo, umwambie mama anampenda kwa kusema kweli. Na fundi Zuhura naye msalimie. Mwambie ndaga fijo, nashukuru sana, kazi nimeiona, na siku nyingine akija atapewa kikombe cha wageni.

Ni mimi mkeo, nimekaa kwenye ndoo, naomba isiwake upesi,

Mama Tumpe