Kijana Anayekubali Kila Kitu

Mwangaluka, mjukuu wangu Nshoma,

Hapa Sola hatujambo, pamba imeanza kupasuka, mama yako anakusalimu. Ila tangu uniulize kwa nini yule kijana unayemtetea huko mahakamani Bariadi anaitikia kila anachoulizwa, usingizi sina.

Nilipokuwa msichana, wazee waliniuliza mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyeacha ng'ombe wakaingia shambani?" Nikapiga magoti, nikasema ndiyo, ingawa siku hiyo sikwenda hata kuchunga. Mkubwa habishiwi. Bibi yangu akaniinua, akasema, "Hebu nisimulie, jana ulishinda wapi?" Hapo ndipo nikasema kweli.

Basi usimuulize kama ameiba. Mwache asimulie. Na uwahi, mama, kabla hakimu hajamuuliza, naye akamjibu kwa adabu.

Bibi yako,
Kabula