Vichupa vya Kuongeza Damu

Jumapili, 6 Machi 2016
Mzigo mpya stoo yetu ya vifaa vya maabara. Vichupa kumi, unga kidogo tu chini, kama chumvi. EPO — protini ya binadamu ya kuongeza damu, imetengenezwa maabara. Jioni nikamsimulia Lois. Akaketi wima! Daktari wa Nairobi alimwandikia dawa ya jina hilo hilo kabla hajasafiri. Figo zake. Miaka miwili tunalala chumba kimoja hapa Muhaisnah, ughaibuni, na sikujua. Nilidhani anahema kwa sababu ya kusimama sekyuriti mchana kutwa.

Jumanne, 8 Machi
Lois anataka kichupa. Kimoja tu. Nikamwonyesha picha ya lebo kwenye simu: ya utafiti tu, isitumike kwa mtu. Akasema juu yake pameandikwa ya binadamu.
“Kwani mimi si binadamu, Monicah?”
Nikazima simu.

Alhamisi, 10 Machi
Nimempelekea mteja wetu, Dkt. Swafiya, kichupa kimoja, maabara ya chuo. Mtu wa Mombasa, mpole. Nikajifanya nauliza tu. Akasema hii ni ya kulishia seli kwenye visahani, haikutengenezwa kudungwa mtu, yaweza kumuua. Dawa yenyewe iko hospitali, ila lazima mgonjwa apimwe kwanza.
“Ni nani, dadangu?”
Nikamwambia. Akanipa namba yake.
Lois hataki hospitali. Kampuni yake ikijua, khalas, kwisha, atarudishwa nyumbani. Ana watoto wawili shuleni.

Jumapili, 13 Machi
Friji ya stoo ilizimika Ijumaa na Jumamosi, wikendi ya huku. Vichupa tisa, vimeharibika vyote. Supavaiza: yalla, haraka, Monicah, tupa. Hata hakuangalia. Kimoja nikakitia mfukoni — naandika nisije nikajidanganya. Nikafika nacho hadi mlangoni. Nikarudi. Nikakitumbukiza na vingine kwenye pipa la taka za kuchomwa.
Nilimwambia Lois ukweli. Akageukia ukutani.

Jumanne, 15 Machi, asubuhi
Miguu ya Lois imevimba! Kiatu kimoja cha kazi kimeingia kwa shida. Nimempigia Dkt. Swafiya, anakuja na gari lake, yuko Rashidiya, si mbali. Lois amenisikia. Hakusema nisipige. Hakusema atakwenda.
Basi la kampuni yake liko nje. Honi mara mbili.
“Lete kiatu, Monicah.”
Nimekikalia hadi gari la Dkt. Swafiya lifike. Naandika ili mikono yangu isimpe. Analia, na amenyoosha mkono bado.
Honi ya tatu —